Mukate ya ku Mugongo

Siku ya Kwanza, tarehe 7 mwezi wa saba

Baridi. Maji ya ndoo inauma mikono. Jana mama mukwe alirudisha Tracy kutoka kwake Ruashi, kwenye alikuwa anapitisha mwanzo ya vakansi ya masomo. Mutoto yangu iko na miaka sita. Mashavu imejaa, iko na kofia mupya ya sufu. Nilifurahi sana. Nilimukatia mukate yangu na chai.

Aliigonga ku meza. Akasikiliza. Akasema kwa Nkambo, mama ya baba yake, mukate inalala chini ukiifinya, halafu inaamuka yenyewe. Ya kwangu haiamuke.

Mama mukwe alikuwa angali pale. Hakucheka. Ingekuwa heri angecheka. Alisema marehemu bwana yake alifanya kazi ya treni maisha yote, na hakunywa chai pasipo mukate hata siku moja. Alisema Dorine anapika kila asubui. Dorine ni dada mudogo ya bwana yangu, anaishi na mama yake. Hana mutoto, hana haraka, analala wakati anataka. Halafu mama mukwe akasema polepole, sawa muntu anaomba chumvi, kama atarudi hapa Siku ya Mungu kisha misa. Kama Tracy angali anagonga mukate ku meza, atamubeba. Ataanza masomo kule Ruashi mu mwezi wa kenda, ataishi kule.

Nilitazama Alphonse. Bwana yangu anachomelea milango na madirisha ya chuma. Haogopi moto, haogopi umeme. Alitazama viatu yake. Akasema tutaona.

Mimi sitaki kuona. Tracy analala na mukono yake ndani ya mukono yangu. Haendi popote.

Nimeamua: nitapika mukate yenye kuvimba mbele ya Siku ya Mungu. Si juu ya Dorine. Mimi siko muntu ya mashindano. Lakini itakuwa kubwa kupita ya Dorine.

Siku ya Pili, tarehe 8 mwezi wa saba

Kumbe mukate ya bantu inavimba juu ya levire, ile hamira ya kuvimbisha unga. Mimi nilikuwa naweka kidogo sana, sawa pilipili, juu ya kuchunga pesa. Leo nilinunua fundo nzima ku soko kwa Mama Chama. Yeye anachota na kijiko mu kopo kubwa, anafunga mu plastiki.

Nikafikiri. Baridi kama hii, hata muntu mukubwa hawezi kuamuka kama haujamupa maji ya moto. Basi levire nayo vile vile. Nilichemusha maji mpaka ilipiga kelele, nikamimina yote juu yake. Nikakanda. Nikangojea. Tracy alikuja kutazama mara mingi. Aliuliza kama inalala. Nilisema ndiyo. Aliuliza kama imekufa. Nilimutuma kucheza inje.

Niliipika hivyo hivyo, mu sufuria juu ya mbabula, jiko yetu ya makala, na makala ingine juu ya kifuniko. Elisée, mutoto yangu ya pili, iko na miaka mbili na anauma kila kitu. Aliuma ile mukate mara moja. Alinitazama sawa muntu amedanganywa.

Alphonse alikula kipande yake yote. Yeye ni bwana muzuri. Lakini mangaribi nilikuta mukate yenye ilibaki chini ya mulango ya atelie yake ya kuchomelea, inazuiza upepo. Nilimuuliza. Alisema inafaa.

Siku ya Tatu, tarehe 9 mwezi wa saba

Nilirudi kwa Mama Chama kumuambia levire yake ni ya uongo. Aliniuliza nilifanya nini. Nilimuambia. Akauliza kama Elisée nilimuogesha na maji ya kuchemuka pia. Alisema levire ni kitu ya uzima, mimi niliiua. Alinipa fundo ingine, akanifundisha: maji ya vuguvugu tu, na sukari kidogo. Uingojee, uone kama iko hai.

Sikupenda sauti yake. Lakini nilifanya vile alisema.

Haikuchukua wakati. Ile maji ilianza kutoa povu, povu inapanda, inanuka sawa pombe ya kilio. Nikajua: imeoza. Ameniuzia kitu ya kuoza. Niliitupa yote nyuma ya nyumba, nikavaa viatu, nikarudi ku soko. Nilimuambia mbele ya bantu. Nilisema povu, nilisema harufu. Nilisema mimi niko mama ya batoto, hawezi kunichezea.

Mustari nzima ya bamama iligeuka kutazama. Halafu Mama Chama alikaa chini juu ya mufuko ya unga, akacheka mpaka mama mwenye kuuzisha chumvi alimushika bega. Kumbe povu ndiyo alama ya uzima. Alisema, Mama Tracy, ya kwanza uliichemusha, ya pili uliitupa inje wakati inakuita. Hii ya tatu nakupa, lakini uombe padri aende nayo mpaka nyumbani.

Nilimuambia nilikuwa namupima tu, nione kama anajua kazi yake. Mama ya chumvi alisema nimefaulu sana kumupima.

Siku ya Ine, tarehe 10 mwezi wa saba

Siku kubwa. Niandike polepole.

Asubui povu ilikuja. Sikuitupa. Nilikanda na unga, chumvi na mafuta, nikafanya donge nzuri sawa tumbo ya Elisée. Nikafunika. Nikangojea. Haikuvimba, juu ya baridi. Niliiweka pembeni ya mbabula: upande moja ikaiva, upande ingine ikabaki jiwe. Nikatosha ile yenye iliiva, nikafanya donge tena. Niliiweka mu kitanda chini ya blanketi. Elisée akaingia mule, akailalia.

Nikajiuliza: mu hii baridi ya mutaa yetu ya Katuba, ni kitu gani inabaki na joto siku nzima? Jibu nilikuwa nalo zamani. Elisée, alipokuwa ku mugongo yangu. Hakukuwa makala, hakukuwa umeme, na mutoto alikuwa anatoka jasho.

Nilifunga donge mu plastiki yenye mafuta, nikaizungusha na taulo, nikaibeba ku mugongo na kitambaa ya kubebea batoto. Upepo ilikuwa inaingia juu, nikaivalisha kofia ya zamani ya Elisée. Ilikaa muzuri. Ilikuwa nzito vile inapashwa kuwa. Niliona mikono yangu inaipigapiga kule nyuma, pole pole, yenyewe. Mikono inakumbuka.

Makala ilikuwa imeisha. Nilitoka kuinunua.

Ku robine, kwenye tunachota maji, nilikutana na Mama Nono. Mama Nono ni jirani yangu, mulango kwa mulango. Kama unataka kitu ijulikane Kamalondo, umuambie Mama Nono hapa Katuba, halafu upande gari: utaikuta imefika. Alitazama mugongo yangu. Akauliza ni nani huyu.

Ningejibu nini? Kama ninasema ni mukate, kesho bote banasema Mama Tracy anabeba mukate sawa mutoto, kichwa yake imeharibika. Mama mukwe anasikia, Tracy anaenda. Nilisema ni mutoto.

Ya nani? Yangu.

Alitazama tumbo. Mimi navaa koti kubwa ya Alphonse tangu mwezi wa tano, juu ya baridi. Mu ile koti muntu anaweza kuficha mapasa. Nilimuona anahesabu. Akaamini. Akauliza kama ni mwanaume ao mwanamuke. Nilisema mwanaume, juu nilikuwa na haraka. Nikamuomba asiseme kwa muntu.

Sasa habari ya maana: donge ilivimba. Iliongezeka ku mugongo yangu, niliisikia inasukuma. Nilipika. Tracy alifinya kipande na kidole. Ililala chini. Ikaamuka, nusu. Tracy alisema hii inaamuka lakini iko muvivu.

Nimefika karibu.

Siku ya Tano, tarehe 11 mwezi wa saba

Asubui bamama ya shirika balikuja. Shirika ni sisi bakatolika ya hizi njia mbili tatu, tunaomba pamoja kila juma. Balikuja na sabuni, unga ya mahindi ya kupika bukari, na kuku ya uzima. Balikuja kuona muzazi. Muzazi ni mimi.

Mwenye kubaongoza ni Mama Julienne. Hana mafuta mu mwili wala mu maneno. Aliomba kuona mutoto. Nilikuwa na bahati: donge ya leo ilikuwa tayari ndani ya chumba, na nilikumbuka desturi: bageni habaone mutoto mbele kitovu ianguke. Nilisema kitovu haijaanguka. Bote balisema ah, ndiyo, na balirudi nyuma. Balisimama ku mulango ya chumba, baliombea mule ndani. Baliimba. Mama Julienne aliuliza jina. Nilisema jina inatoka kwa bantu ya bwana yangu, si mimi ya kusema. Balitazamana, bakasema nimelelewa muzuri.

Halafu balininyanganya ufagio. Balifua nguo ya nyumba nzima. Balichukua Elisée, balimuogesha. Balinisukuma mu kitanda bakasema muzazi analala. Nililala. Pembeni ya donge, mchana, mulango imefungwa, hakuna muntu ananiita. Sijalala vile tangu Elisée azaliwe. Nilipoamuka sikujua niko wapi. Kama kuzaa ni hivi, nitazaa tena.

Kuku tuliikula.

Alphonse alirudi na furaha kidogo mu macho. Bantu bamemupongeza ku atelie. Bamemununulia bia. Aliniuliza kama kuna kitu anapashwa kujua. Nilisema ni mambo ya mukate. Alisema sawa. Alisema alitaka kurudisha ile bia lakini ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

Saa ya chakula ya mangaribi telefone ililia. Dorine. Alisema habari imefika Ruashi. Mama mukwe hakukasirika. Amelia juu ya furaha. Mutoto mwanaume, ataitwa Kalaba, jina ya marehemu bwana yake. Elisée tulimupa jina ya upande yangu, na kule hiyo haijasahauliwa. Anakuja kesho, hangojei Siku ya Mungu.

Na Dorine aliongeza, na sauti tamu: muzazi hawezi kuchunga mutoto mukubwa na kichanga pamoja. Tracy atafungiwa bintu yake, atarudi nabo kesho. Kitanda yake iko tayari.

Nilikaa chini. Mukate yenye ilipashwa kubakiza Tracy hapa ndiyo inamutoa.

Siku ya Posho, tarehe 12 mwezi wa saba

Asubui nilitafuta njia. Nilifikiri kusema mutoto amekufa. Nilifanya alama ya musalaba na nikaacha. Kuna bintu muntu haseme.

Nilifikiri kuazima mutoto. Kuna mama moya nyuma ya soko mwenye kuzaa juma hii. Nilienda mpaka ku mulango yake. Alikuwa ananyonyesha, macho imefungwa, amechoka sawa mimi. Nilimusalimia tu, nikamuachia sabuni moya ya shirika, nikarudi.

Basi niliona heri donge iwe nzuri kupita zote. Kama mama mukwe atakula mukate nzuri kwanza, labda roho yake italainika. Niliweka levire mara mbili, juu ya heshima. Niliivalisha kofia, nikailaza mu kitanda.

Balikuja mapema, mama mukwe na Dorine. Mama mukwe alibeba beseni ya kuogeshea, shali nyeupe yenye alifuma mwenyewe, na majani ya dawa. Nilisema mukaribie, mama, mulisafiri muzuri, mukae, chai iko tayari. Alisema chai haikimbie. Nilisema kitovu haijaanguka. Alisema yeye ni nkambo, kitovu ndiyo kazi yake. Akaingia mu chumba. Dorine nyuma. Tracy nyuma. Mimi nyuma ya bote.

Kofia ilikuwa inapanda. Si kwa mbio. Pole pole, sawa muntu anainua kichwa kuona nani ameingia.

Dorine alirudi mpaka ku ukuta, akaita Yesu. Mama mukwe alisogea. Alitosha kofia. Alifungua taulo. Alitazama wakati murefu. Halafu alinyoosha kidole, akafinya. Ililala chini. Ikaamuka, yote.

Tracy alisema mbele ya bote kama hii haiko muvivu.

Mama mukwe alikaa ku kitanda. Aliniuliza Kalaba iko wapi. Nilisema hakuna Kalaba. Shali ilikuwa ku magoti yake, alikuwa anaikunja na anaikunjua. Pale nilisikia haya kweli, kwa mara ya kwanza mu hii juma. Nilikuwa na maneno mingine tayari, ya akili. Sikuisema. Nilisema sipendi Tracy aende. Nilisema ile tu. Sauti yangu ilitoka mubaya, sawa mulango ya Alphonse.

Dorine alifungua kinywa. Mama yake alimutazama, akaifunga. Halafu mama mukwe alitosha koti, akakunja mikono ya nguo, akaniambia nilete sufuria, juu donge haingojee bantu bamalize kulia.

Tulipika pamoja. Alinionyesha kuifinya tena mbele ya kuipika, na kuweka makala mingi juu kupita chini. Levire, alisema, nimeweka sawa muntu analisha ngombe. Mukate ilitoka kubwa, ya rangi ya udongo ya Katanga, inanuka nyumba nzima. Tracy alikula mpaka alisahau kugonga ku meza. Dorine alikula pia. Alisema ni sawa. Nilifurahi kupita vile inafaa.

Kisha mama mukwe alipanguza midomo, akasema Tracy haendi. Mutoto mwenye mama yake anabeba mukate ku mugongo juu yake, anabaki na mama yake. Nilitaka kupiga magoti.

Akaendelea. Alisema mama mwenye kufanya vile amechoka sana, haifai kumuacha peke yake. Dorine atarudi Ruashi kumuletea nguo. Yeye anabaki hapa.

Nilisema aksanti, mama. Alphonse alitazama viatu.

Siku ya Mungu, tarehe 13 mwezi wa saba

Kisha misa bamama ya shirika balinizunguka mu lupango, kiwanja ya kanisa. Nilipima kujificha nyuma ya Alphonse lakini alikuwa ananificha vibaya. Mama mukwe alibaeleza yeye mwenyewe, yote, na kofia, na robine. Baliinama juu ya kucheka. Mama Nono alisema yeye alijua tangu mwanzo.

Mama Julienne peke yake hakucheka. Aliuliza habari ya kuku yabo. Mama mukwe alijibu kama kuku ilikuwa ya mama mwenye kuzaa kwa shida, na mu maisha yake hajaona mama mwenye kuzaa kwa shida kupita huyu. Ikaisha pale.

Nilimupenda mama mukwe siku nzima.

Siku ya Ine, tarehe 17 mwezi wa saba

Mama mukwe anaamuka mbele ya jogoo. Anaita kila muntu na jina yake yote. Amehamisha sufuria. Amehamisha chumvi, nimeitafuta kutoka juzi. Ananifundisha kukanda, kufagia, na jana kukaa. Kumbe nakaa vibaya.

Kitanda ya Tracy ni ndogo kwa bantu babili, basi yeye analala na Tracy mu kitanda yetu, na mimi na Alphonse tuko chini ku salon, na Elisée kati. Mukono ya Tracy inalala ndani ya mukono ya Nkambo. Leo nilisikia mama mukwe anamuambia Alphonse kama anaona atabaki mpaka Noeli, juu mukate yangu ingali inahitaji macho.

Sikukasirika. Mimi siko muntu ya hasira. Nimepata njia, na hii ni safi kabisa.

Mukubwa ya Alphonse, Sylvain, anauzisha bintu kule Mokambo, ku mupaka. Telefone kule haishike muzuri. Mama yake anamupenda sana. Kama angesikia Sylvain iko na homa kidogo, angeenda kumuona, na kule angemukuta muzima, bangekula nyama, angekaa juma moya ao mbili. Nani anaumia? Hakuna. Ni homa tu.

Sitaisema mimi mwenyewe kwake, ingekuwa uongo. Nimemuambia Mama Nono ku robine, na sauti ya chini. Nimemuomba ibaki kati yetu babili.

Siku ya Tano, tarehe 18 mwezi wa saba

Inaenda muzuri. Mama mukwe aliondoka asubui kwenda ku soko kuchagua levire mwenyewe, juu mimi nachagua vibaya.

Mama Nono alikuja. Macho yake ilikuwa nyekundu, labda moshi ya makala. Alinishika mikono yote mbili na hakuiachilia. Aliniuliza tuko na viti ngapi. Nilisema ine. Alisema nisiwe na wasiwasi, bwana yake ataleta bingine bya shirika, na hema. Nilifikiri ni maombi ya juma, na zamu ni yetu, nilisahau. Nilimuambia nitapika mukate. Alilia tena, akasema niko na nguvu.

Mama Julienne ametuma muntu kuuliza Sylvain alikuwa anapenda wimbo gani. Sikujua. Nilisema yoyote yenye furaha.

Sasa banaume benye kufanya kazi na Alphonse bamemurudisha mapema, bamemushika mukono, moya kila upande. Bamewasha moto mbele ya lupango yetu na bamekaa pale. Bia habana, basi si pongezi.

Namuona mama mukwe mwisho ya njia, anatoka ku soko. Habari ya homa lazima imemufikia. Iko anakuja mbio, hana kikapo, kitambaa ya kichwa ameitosha, iko nayo mu mukono. Labda anasikia joto.